Tovuti au WhatsApp? Hesabu ya mfanyabiashara wa peke yake Mombasa

Saa nne za usiku, Kibokoni. Mama mdogo wangu ameketi mkekani, mbele yake sinia la mabuyu yaliyotoka kukolea sukari na rangi, pembeni mikebe mitupu, na simu imeegemezwa kwenye chupa ya chai. Anajaza, anafunika, anabandika karatasi yenye jina lake. Kila akifika mkebe wa tatu au wa nne, simu inalia. Anapangusa vidole vyekundu kwenye leso, anasoma: "Bei?" Anajibu, anarudi kwenye mikebe. Simu tena: "Mnaleta Mtwapa?" Anajibu. Simu tena: "Hii kiasi gani?" pamoja na picha ya mkebe uleule ambao bei yake aliiandika kwenye stetasi tangu asubuhi.

Mwanawe, aliye mwaka wa pili chuoni, ana dawa yake: duka kamili la mtandaoni, lenye kikapu na malipo. Mama mtu akaguna. "Tovuti ya nini, na watu wangu wote wamo humu?" akagonga kioo cha simu kwa ukucha. Wakanigeukia mimi niamue, kwa kuwa kutengeneza tovuti za wafanyabiashara wadogo ndiyo kazi inayonilisha. Niseme mapema kwamba mimi si hakimu huru: mteja akikataa tovuti, mimi nimekosa hela. Lakini pia nimeshajenga maduka ya mtandaoni ambayo mpaka leo hayajauza hata kofia moja, na hayo yamenifundisha kuliko yale yaliyouza.

Upande wa mama una nguvu kuliko vijana wanavyodhani. Simu yake ina WhatsApp Business, programu iliyotolewa mwaka 2018 kwa ajili ya wafanyabiashara wadogo. Ndani yake mna katalogi ya bidhaa na bei zake, majibu yaliyohifadhiwa ambayo unayaita kwa alama moja, lebo za rangi za kumtenga aliyelipa na anayezungusha, na salamu inayojituma yenyewe ukiwa umelala. Vyote bure. Nilipomuuliza anatumia vipi kati ya hivyo, jibu lilikuwa salamu tu, tena ile aliyowekewa na mwanawe. Bei alikuwa akiziandika upya, mkono kwa mkono, mara thelathini kwa siku. Sasa hapo tatizo si kukosa tovuti. Tulikaa alasiri moja tukapiga picha mikebe juu ya leso nyeupe karibu na dirisha, tukaingiza bidhaa kumi na moja kwenye katalogi, tukaandika majibu matano: bei, maeneo ya kupeleka, siku za kutuma Nairobi, namba ya malipo, na lile la "leo zimekwisha". Meseji hazikuisha, ila ziliacha kumla usiku wake.

Jambo la pili la upande huu ni jinsi sisi tunavyonunua. Nenda Marikiti au barabara ya Biashara kuulizia leso. Utatajiwa bei, utaguna, utajifanya unaondoka, utaitwa. Bei kwetu ni mazungumzo, na mazungumzo ndiyo yanayomfanya mtu arudi. WhatsApp inabeba hayo yote: mteja anatuma sauti, anaomba apunguziwe, anauliza habari za watoto, anaongeza mkebe wa pili. Kikapu cha tovuti hakimjui mtu. Kina bei moja na kitufe kimoja, na mnunuzi wa Majengo akishakiona anafanya lile analolifanya kila mara: anatafuta namba ya simu chini ya ukurasa ili aulize "ya mwisho ngapi?" Nimeona hilo kwenye maduka niliyojenga. Mtu anafika hadi kwenye malipo, anatoka, anapiga simu. Fundi unabaki kujiuliza ulijengea nani.

Na malipo, je? Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, muuzaji wa peke yake hapa Kenya amekuwa na kitu ambacho wenzake wa nchi nyingi tajiri wangekitamani: anapokea pesa papo hapo bila kadi wala mashine. Kuna tili ya Lipa na M-Pesa, kuna Pochi la Biashara kwa wadogo wanaotaka kutenga pesa za mauzo na za matumizi ya nyumba. Kwa hiyo ile sababu kubwa ya kufungua duka la mtandaoni kwingineko, yaani kuweza kulipwa, kwetu haina uzito huo.

Lakini mwanawe naye hakosei.

Tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika pamoja kwa takriban saa sita. Mama mdogo anaikumbuka siku hiyo kwa sababu alikuwa na oda za kupeleka na hakujua azipeleke wapi, maana anwani na nani kalipa, vyote alikuwa akitumiwa kwa meseji, na meseji hazikuingia. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo, na kwa akaunti za mitandao neno hilo linakaa sawasawa. Mwenye nguo anaweza kuidai saa yoyote. Google walikuwa wakiwapa wafanyabiashara wadogo tovuti za bure zilizotokana na wasifu wao wa biashara. Machi 2024 wakazifunga. Waliokuwa wamechapisha anwani hizo kwenye kadi na mabango walibaki na kadi na mabango. Na zaidi ya kufungwa kuna kuibiwa: mtu anakubembeleza umpe tarakimu sita zilizoingia kwenye simu yako, unampa, na kesho yake "wewe" unawakopa wateja wako wote. Uthibitisho wa hatua mbili upo kwenye mipangilio na unachukua dakika mbili kuuwasha. Nashangaa ni wangapi hawajauwasha.

Kuna pia hili la kuonekana. WhatsApp ni nyumba isiyo na dirisha la barabarani. Aliye na namba yako anaingia. Asiye nayo hajui kama upo. Hata ile orodha ya kutangazia (broadcast), ya kuwatumia wengi ujumbe mmoja, haivuki hapo, kwani ina kikomo cha watu 256 na ujumbe unamfikia yule tu aliyehifadhi namba yako. Mtu aliye Eldoret anayeandika "mabuyu ya Mombasa" kwenye Google hatafika Kibokoni kupitia stetasi.

Hivyo swali si kama tovuti inafaa, bali inamfaa nani, na tovuti gani. Hapa ndipo vijana wetu wanapokosea hesabu. Wanamaliza pesa kwenye duka la kifahari, wanasahau kwamba mtu wa peke yake hakupungukiwa na pesa kwanza, amepungukiwa na saa. Yeye ndiye mpishi, mfungaji, mpeleka, karani na msemaji. Mimi sasa nina kipimo kimoja kwa kila chombo: baada ya mwezi, kimepunguza meseji anazojibu au kimeongeza kazi ya kukihudumia?

Chukua Shopify, huduma ya kukodi duka la mtandaoni lililo tayari. Ni rahisi kuitumia, inapendeza, na mtu asiye fundi anaweza kuisimamisha kwa wikendi moja. Lakini ada yake ni ya kila mwezi na ni ya dola, uuze usiuze. Huduma yake yenyewe ya malipo haipo Kenya, kwa hiyo utaunganisha malipo ya kampuni nyingine, nayo Shopify kwenye mpango wake wa Basic itakata asilimia 2 ya kila mauzo, juu ya makato ya hiyo kampuni nyingine. Kwa anayeuza mikoba ya ngozi au vito kwa watu wa Ulaya, faida inaweza kubeba mzigo huo. Kwa mkebe wa mabuyu, hesabu haikubali.

WordPress, programu ya kujengea tovuti, pamoja na WooCommerce, nyongeza yake ya duka, ni njia ya pili, na ndiyo inayonipa riziki. Programu zenyewe ni bure, na zaidi ya tovuti nne kati ya kumi duniani zimesimama juu ya WordPress, hivyo fundi hakosekani. Unaweza kuunganisha M-Pesa ili mteja abonyeze "lipa", simu yake iulize namba ya siri, na tovuti ithibitishe yenyewe. Faida hiyo ni kubwa kuliko inavyosikika: ile michezo ya meseji feki za M-Pesa, inayotumwa muuzaji akiwa na haraka na mteja wa boda anangoja mlangoni, haina pa kuingilia. Ila bure ya WordPress ni kama bure ya paka. Kupewa ni rahisi, kulisha ndiyo kazi. Kuna programu-jalizi, yaani viongezo vya tovuti, za kusasisha kila wiki, nakala za akiba, na siku ambayo sasisho moja linavunja ukurasa wa malipo Ijumaa jioni kabla ya Idi. Mwenye msaidizi atavumilia. Mtu wa peke yake atanipigia mimi, na mimi nitakuwa kwenye feri ya Likoni.

Kwa wengi ninaokutana nao ushauri wangu umekuwa mdogo, na sipendwi kwa hilo na mafundi wenzangu. Nunua jina lako, lile linaloishia .co.ke, ambalo gharama yake kwa mwaka ni elfu moja na ushei. Weka ukurasa mmoja: picha tano, bei zilizo wazi, maeneo unayofika, na kitufe kinachofungua WhatsApp yako. Fungua wasifu wa biashara kwenye Google, ambao ni bure na bado upo, ili uonekane kwenye ramani. Basi. Kikapu kitakuja siku ambayo oda za watu usiowajua zimezidi za unaowajua. Matangazo na vibandiko vya mikebe vitengeneze kwa Canva ya bure, programu ya kusanifu picha; hapo sina ubishi na mtu.

Kwenye hilo jina, simama kidogo. Nimewaona wauzaji wawili sasa waliojengewa tovuti na kijana wa mtaani, jina likaandikishwa kwa barua pepe ya kijana. Kijana akapata kazi Doha. Mwaka ukaisha, ilani ya kulipia ikamfuata yeye huko, hakuijali, na jina likadondoka. Mmoja alilipata tena, mwingine alikuta limeshachukuliwa. Jina liandikishwe kwa barua pepe yako na namba yako, neno la siri uwe nalo wewe, hata kama fundi ni mwanao.

Na chombo ambacho hakuna anayekitangaza, kwa sababu hakina sura: daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la mama mdogo lilikuwa kumbukumbu yake tu. Sasa ni jedwali la Google Sheets lenye safu sita, kwenye simu yake: tarehe, jina, namba, alichochukua, alicholipa, kimefika. Mwanzo aliliona usumbufu. Baada ya miezi miwili aligundua kwamba achari ya embe, aliyokuwa akijivunia kwa kupendwa, ilikuwa ikimla faida kwa mafuta na nauli ya tuktuk, na kwamba wateja wake wa Nairobi, anaowatumia vifurushi kwa mabasi ya Mwembe Tayari, ni wachache lakini huagiza kwa dazeni. Hakuna tovuti ingemwambia hilo bila mauzo yote kupitia humo. Tena huchapisha nakala yake kwenye karatasi, na siku mtandao ukigoma maisha yanaendelea. Mei 2024 nyaya za intaneti za EASSy na SEACOM zilikatika baharini kusini mwa bara, na sisi ambao nyaya hizo zinatua ufukweni kwetu tukasubiri picha moja ifunguke kama wanaosubiri maji ya mfereji.

Daftari hilo lina majina na namba za watu, kwa hiyo Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamhusu. Biashara yenye mauzo chini ya shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi wasiofika 10 kwa kawaida haidaiwi kujiandikisha kwa Kamishna wa Data, lakini wajibu wa kulinda habari za wateja haujaondolewa. Kwa lugha ya nyumbani: usimpe shoga yako orodha ya namba ili atangaze madera yake.

Mama mdogo naye nilimwekea ule ukurasa mmoja, nao una miezi minane sasa. Oda za kutoka humo ni chache, lakini karibu zote ni za watu ambao hawajawahi kukanyaga Kibokoni, na hawaulizi bei kwa sababu wameshaiona. Mwanawe anasema amethibitishiwa. Mama anasema oda nyingi bado ni za WhatsApp, kwa hiyo aliyethibitishiwa ni yeye. Wiki iliyopita alinitumia sauti, nyuma yake mikebe ikigongana, akitaka niongeze mstari juu kabisa ya ukurasa: "Bei haipungui." Nikauongeza. Dakika mbili baadaye ikaja sauti nyingine, "Mwanangu, andika na chini yake: akichukua mitano, aniulize."