Vifaru Vilizimika, Risasi Zikiwepo

Ukikaa na wapenzi wa historia ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, utasikia majenerali tu: Patton wa Marekani hivi, Montgomery wa Uingereza vile. Mimi huuliza mafuta yalifikaje.

Mwishoni mwa Agosti 1944 Wajerumani walikuwa wanakimbia kutoka Ufaransa, na wengi waliamini vita ingeisha kabla ya Krismasi. Kisha vifaru vya Patton vikakwama karibu na mto Moselle, mashariki mwa Ufaransa, matangi yamekauka. Petroli ilikuwa inashushwa kule Normandy na Cherbourg, pwani ya Ufaransa, zaidi ya kilomita 600 kutoka mpaka wa Ujerumani, na reli za kuibeba zilikuwa zimelipuliwa na ndege za Washirika (Wamarekani, Waingereza na wenzao) wenyewe, kabla majeshi yao hayajatua Ufaransa. (Sijui nicheke au nilie.)

Wakabaki na malori. Tarehe 25 Agosti ukaanzishwa msafara wa Red Ball Express: karibu magari 6,000, barabara moja ya kwenda na nyingine ya kurudi, usiku na mchana. Kama robo tatu ya madereva walikuwa Wamarekani weusi, ndani ya jeshi ambalo bado liliwatenga. Baadhi yao waling'oa spidi gavana ili wakimbize. Madereva wetu wa mabasi wasidhani ujanja ule ni wao!

Mafuta yenyewe yalisafiri ndani ya madumu ya chuma ya lita 20, mtindo ulioigwa kwa Wajerumani haohao. Kila dumu lilikuwa na vishikio vitatu juu, hivyo watu wawili waliweza kulibeba kwa pamoja likiwa limejaa, na mtu mmoja akashika mawili matupu kwa mkono mmoja. Askari walimimina, wakatupa dumu mtaroni, wakasonga mbele. Matokeo yake madumu yakaadimika, na watoto wa Ufaransa wakaahidiwa zawadi wakiyarudisha.

Kinachoniudhi hasa ni Antwerp, mji wa bandari wa Ubelgiji. Waingereza waliingia mji huo tarehe 4 Septemba, wakaikuta bandari karibu haijaharibiwa, winchi bado ziko wima. Ila kati yake na bahari kuna mto Scheldt, takriban kilomita 80, na Wajerumani walikuwa wamekalia kingo zake. Amiri Ramsay, mkuu wa majeshi ya majini ya Washirika, alikwisha kuonya kwamba bandari isiyofikika kwa meli haina faida. Montgomery akaelekeza macho yake Arnhem, mji wa Uholanzi, akarusha askari wa miamvuli tarehe 17 Septemba, akashindwa. Wapo wanaoliita shambulio lile la kishujaa. Sawa, askari walikuwa mashujaa, lakini mpango ulikuwa wa mtu mwenye haraka, na Eisenhower, kamanda mkuu wa Washirika aliyeuidhinisha, hawezi kunawa mikono. Wakanada ndio waliolipa, wakipigana kwenye matope na maji hadi tarehe 8 Novemba. Meli za kwanza za shehena zikatia nanga tarehe 28 Novemba. Siku 85 tangu mji utekwe!

Machi 1945 mambo yalikuwa mengine kabisa. Tarehe 7 Wamarekani walilikuta daraja la Remagen juu ya mto Rhine likiwa bado limesimama, kwa sababu baruti za Wajerumani hazikulimaliza. Siku kumi baadaye likaporomoka na kuua wahandisi waliokuwa wanalikarabati. Lakini kufikia hapo madaraja ya kuelea yalikwisha kutandikwa jirani, na malori yaliendelea kuvuka.