Nilianguka Ubelgiji, Nikatua Ujerumani

Kwanza kabisa, sikukimbizwa na fahali. Mtani wangu Mzaramo, ambaye tangu juzi jioni amejipa kazi ya utangazaji, amesambaza kwenye magrupu yote, mpaka lile la michango ya harusi, kwamba "Msukuma kakimbizwa na dume la ng'ombe huko Ulaya, kajikojolea." Waliokuwepo ni mitamba. Na yale yalikuwa maji ya kunywa, chupa ilipasuka. Tuanzie hapo, tuheshimiane.

Picha mmeshaziona, kwa hiyo sitawachosha na habari za hali ya hewa. Njia tuliyopita kwa baiskeli, mimi na huyo mtani, inaitwa Vennbahn. Zamani ilikuwa reli, ilijengwa miaka ya 1880 kwa ajili ya makaa ya mawe ya upande wa Aachen, Ujerumani, na chuma ghafi cha upande wa Luxembourg. Treni zikaisha, reli zikang'olewa, ikamwagwa lami, na tangu 2013 ni njia ya baiskeli ya kilomita 125, kutoka Aachen hadi Troisvierges kule kaskazini mwa Luxembourg. Magari hamna, unakutana nayo pale tu unapokatiza barabara. Bodaboda hamna. Lori la mchanga la kukupigia honi mpaka uingie mtaroni, hamna. (Mtaroni niliingia mwenyewe, tutafika.) Na kwa kuwa treni ilikuwa haiwezi kupanda mlima mkali, mwinuko ni wa taratibu mno. Unapanda huku macho yanakwambia ni tambarare, mapaja tu ndiyo yanajua ukweli.

Sasa hili la mpaka msikilize vizuri, maana utani wote umezaliwa hapo. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Mkataba wa Versailles wa 1919 uliwapa Wabelgiji eneo la Eupen na Malmedy. Eneo hilo lilitegemea reli hii, kwa hiyo wakapewa na reli yenyewe, hata pale inapopita katikati ya Wajerumani. Mashamba ya pembeni hawakupewa, ni tuta na stesheni zake tu. Reli imeondoka, ule ukanda umebaki wa Wabelgiji mpaka leo. Matokeo yake kuna mahali unaendesha baiskeli Ubelgiji huku kushoto kwako ni Ujerumani na kulia kwako ni Ujerumani. Na hicho kijiji cha kulia, Mützenich, ni kipande cha Ujerumani kilichozungukwa na Ubelgiji, kimetengwa na nchi yake kwa upana wa njia ya baiskeli. Baada ya Vita vya Pili watu wa huku walikuwa wanavusha kahawa usiku kwa usiku kutoka Ubelgiji, maana kodi ya kahawa Ujerumani ilikuwa haishikiki. Mimi nilivuka mchana kweupe, bila kahawa, na kwa kutumia tumbo.

Wasionijua: mimi ni mtu wa Shinyanga. Kwetu baiskeli ndiyo daladala, ndiyo gari la pamba, ndiyo inayompeleka bibi harusi. Nimejifunza kwenye Phoenix ya baba nikiwa nimepitisha mguu kwenye fremu kwa sababu siti ilikuwa juu ya kichwa changu. Na ng'ombe ndio sitaki hata kueleza. Kwa hiyo mtani aliponiambia tutoke Aachen twende mji wa Monschau, hukohuko Ujerumani, kwa baiskeli, nilimcheka. Nikamwambia, kijana wa Kariakoo, leo utafundishwa.

Baiskeli niliazimwa na mama mwenye nyumba. Ya kike, ya kijivu, ina kikapu mbele. Breki ya mbele iko mkononi, ya nyuma iko miguuni: ukirudisha pedeli kinyumenyume, gurudumu linakaba. Nilielekezwa hilo kwa maneno na kwa vitendo, na njia nzima mpaka Roetgen niliitumia vizuri tu. Juu yake nilivaa ile kaptula ya kubana ya waendesha baiskeli, yenye godoro makalioni, niliyoipata kwa bei ya kutupa. Mtani aliponiona alinyamaza. Ukimya wa Mzaramo uogopeni, wadau, pale alikuwa anatafuta kona nzuri ya kupigia picha.

Tukaipita Roetgen, ndipo akanipita bibi.

Nasema bibi namaanisha bibi. Nywele nyeupe, hereni, koti limefungwa vifungo vyote, kijibwa kimekaa kwenye kikapu cha nyuma. Akasema "Guten Tag" kwa sauti ya mtu aliyekaa kwenye kochi, akaenda zake. Mlima ule! Mimi natoka jasho mpaka kwenye masikio, yeye anaenda anaangalia maua. Nikamwamkia kwa Kijerumani, halafu nikainama kwenye usukani nikaanza kumfukuzia. Nikimkaribia, anaongeza. Nikilegeza, kijibwa kinageuka kinaniangalia. Tumeenda hivyo mpaka Lammersdorf. Nyuma yangu namsikia mtani anakohoa, nikadhani amechoka. Alikuwa anazuia kicheko, maana yeye betri alikuwa ameshaiona. Mimi, wadau, sikuangalia betri. Nilikuwa namwangalia kijibwa.

Tulipofika Konzen, bibi alikuwa ameshakaa kwenye benchi na wazee wenzake wa msafara, anamenya tofaa. Baiskeli zao zimepangwa vizuri pembeni. Na kuanzia hapo, jamani, njia ikaanza kuteremka taratibu kuelekea Monschau.

Hapa naomba twende polepole, kwa sababu nami nilikwenda polepole.

Niliona nafasi ya kurudisha heshima. Nikaachia usukani. Mikono yote miwili. Nikaikunja kifuani, nikanyoosha mgongo, nikawatazama wale wazee kwa jicho la pembeni. Bibi akaacha kumenya. Mwingine akamgusa mwenzake begani. Nikajua wamenielewa. Sasa mliokulia na Phoenix mnajua kinachofuata: ukiteremka unapiga pedeli kinyumenyume ili frihwili ilie, ile triiiii tamu, kila mtu kijijini ajue kijana wa nani anapita. Miguu yangu haikuniuliza. Miguu ilikuwa Shinyanga.

Gurudumu la nyuma likakaba.

Sikusikia triiiii. Nilisikia kwaaaa, na harufu ya mpira. Kwanza mkia wa baiskeli ukaenda kushoto. Nikafungua mikono kutafuta usukani, lakini usukani nao ulikuwa na safari zake, umeshageukia kulia. Nikakishika kikapu. Kikapu kikakubali kuja na mimi. Nakumbuka nikaliona jiwe la mpaka, dogo, limesimama kwenye nyasi, nikawaza kabisa kwa utulivu: hilo nisiligonge. Sikuligonga. Nikalipita kwa tumbo, nikashuka tuta, nyasi zimelowa umande, kasi inaongezeka badala ya kupungua, nikauona waya wa fensi unakuja usawa wa pua, nikalaza kichwa, nikapita chini yake kama barua inayosukumwa chini ya mlango. Chupa ya maji iliyokuwa mfukoni ikapasuka chini yangu. (Ushahidi ninao, wenye mashaka nitawatumia vipande.)

Kimya. Nimelala kifudifudi nimekumbatia kikapu. Nasikia tk... tk... tk... Nikadhani ni saa yangu. Ilikuwa fensi. Ya umeme.

Halafu nikasikia pumzi.

Nikainua kichwa. Mitamba. Weusi kwa weupe, hawana nundu, wananepa kwa afya, wamenizunguka nusu duara wakiwa na zile nyuso za watu waliofika kwenye ajali kabla ya polisi. Nikajiambia, tulia, hawa ni ng'ombe, wewe ni Msukuma. Nikapiga mluzi. Ule wa nyumbani, ambao ng'ombe wa baba wakiusikia wanageuka wote kurudi zizini. Hawa wakauelewa kinyume: wakasogea. Nikapiga tena kwa nguvu. Waliokuwa mbali nao wakaja. Mmoja akanilamba sikio. Ulimi wa ng'ombe nimeujua tangu utotoni, lakini ukiwa umesimama. Ukiwa umelala ni habari nyingine.

Nikaanza kurudi nyuma kwa magoti, nawaangalia usoni, nawabembeleza kwa Kisukuma, kwa Kiswahili, na kile Kijerumani changu cha kuombea kazi. Hatua moja, wanasogea moja. Mnakumbuka nilivaa nini. Mnakumbuka godoro lilikuwa wapi. Na mnakumbuka lilikuwa limelowa.

Godoro likagusa waya.

Sitaieleza sauti niliyotoa kwa sababu mtani ameirekodi na baadhi yenu mmeifanya mlio wa simu, nawajua. Niliruka kwenda mbele, nikamvaa mtamba shingoni. Naye akashtuka akakimbia, wenzake wakakimbia, mimi nami sijui kwa nini nikakimbia nao upande uleule. Hapo ndipo ile video inapoanzia. Ukiitazama kwa haki utaona wengine wako mbele yangu. Mtu anayekimbizwa na ng'ombe anakimbizwaje na ng'ombe walio mbele yake?

Mtani alikuwa amesimama juu ya tuta, simu mkononi, anapiga kelele: "Mkuu, hapo uko Ujerumani! Kibali unacho?"

Aliyeniokoa ni bibi. Aliweka tofaa chini, akashuka taratibu, akafuata fensi mpaka kwenye kile kishikio cha plastiki, akakifungua, akaingia. Mitamba ilipomzunguka akawapiga vibao vidogo vya pua, huku na huku, wakapisha. Akanishika kiwiko, akanitoa, akafunga fensi, akanipangusa nyasi mgongoni, na kwa heshima ya umri wake akaishia mgongoni. Nikamshukuru. Kwa kuwa nilikuwa natazama baiskeli yake kwa maswali, akanionyesha betri. Akabonyeza kitufe, taa tano zikawaka. Bado ilikuwa imejaa.

Mengine ni mafupi. Kiganja kimechubuka, kikapu kimekuwa bapa, kaptula imepumzishwa. Tukasukuma baiskeli mpaka Monschau, nikala mkate na haradali yao, maana mji ule unajivunia haradali, machozi yakapata kisingizio. Tukarudi Aachen kwa basi. Mama mwenye nyumba aliuliza kuhusu kikapu tu. Mtani nimemfungia, kisha nikamfungulia kwa sababu hela yangu ya nauli iko kwake.

Jana usiku akapiga mama kutoka nyumbani. Mdogo wangu alikuwa ameshamwonyesha video. Nikamwamkia shikamoo, akaitika, hakuuliza mkono, hakuuliza mgongo.

"Hao ng'ombe, kwa siku wanatoa maziwa kiasi gani?"

"Mama, wale bado hawajazaa. Ni mitamba."

Akanyamaza muda mrefu mpaka nikadhani mtandao umekatika.

"Ina maana," akasema, "umekimbizwa na mitamba?"

Nikaanza kumweleza kwamba wengine walikuwa mbele yangu, nikamsikia anamwita baba aje asikilize.