Prado au Range Rover Sport? Mimi nachukua Prado

Ukipita yadi za magari hapa Dar es Salaam siku hizi utazikuta zimepaki ubavu kwa ubavu: Land Cruiser Prado 150 iliyotoka Japani na Range Rover Sport iliyotoka Uingereza. Zote used, zote usukani kulia, zote zimeng'arishwa hadi matairi, na bei hazipishani sana. Dalali akishakuona umeitolea macho Range anakusogelea: "Bosi, kwa hela hiyo hiyo ya Prado unaondoka na Range." Hajakudanganya. Tatizo ni kwamba hajamaliza maneno.

Msimamo wangu ni Prado, na nausema mapema ili usisome ukidhani nitaweka mguu huku na huku. Wala sianzi na sifa za gari. Naanza na hiyo bei yenyewe, maana hapo ndipo wengi wanaponaswa.

Range Rover Sport ya kizazi kilichozinduliwa mwaka 2013, ilipokuwa mpya, iliiacha Prado mbali kwa bei. Kama leo zinakutana, ujue moja imeporomoka na nyingine imegoma kushuka. Aliyeinunua mpya kule Uingereza anaiachia kabla bili kubwa za matengenezo hazijamkuta, na wizi wa magari hayo umefanya hata bima yake kule iwe mzigo. Wewe wa Mbezi Beach unalipata gari kwa bei iliyoporomoka, lakini spea hazikuporomoka nalo. Kompresa, taa ya mbele, pampu ya dizeli, vyote bado vinauzwa kwa bei ya gari la tajiri. Watu wanalinganisha bei ya kununulia wakati hesabu inayofilisi ni ya mwaka wa pili na wa tatu.

Vijiweni utaambiwa kodi ndiyo itakuchagulia gari, lakini haikusaidii. Prado ya lita 2.7 na Range ya dizeli ya lita 3.0 zote zimevuka cc 2000, yaani injini ya lita 2, kwa hiyo ushuru wa bidhaa ni asilimia 10 kwa zote mbili, pamoja na ushuru wa forodha wa asilimia 25, halafu VAT ya asilimia 18 inapigwa juu ya jumla. Kinachouma ni umri: gari la miaka 8 hadi 10 linaongezewa asilimia 15, na likipita miaka 10 linaongezewa 30. Ingia kwenye kikokotoo cha TRA, yaani Mamlaka ya Mapato, weka modeli na mwaka, uone mwenyewe kabla hujaagiza. Mwaka mmoja tu wa kutengenezwa unaweza kukubadilishia hesabu nzima.

Sasa nisiwe mchoyo wa sifa. Range Rover Sport ya dizeli ya V6, yaani silinda sita, ilitoka na nguvu farasi 292. Ukishaizoea hiyo, ukirudi kwenye Prado ya petroli ya 2.7 yenye nguvu farasi mia na sitini na kitu, unajihisi kama umefungiwa tela. Ndani kumetulia, siti zinakushika vizuri, kona inaingia bila gari kulala upande. Prado imejengwa juu ya chesisi na inayumba, hasa ukifunga breki ghafla, pua inainama. Anayesema Prado ni tamu kuliko Range kuendesha hajaziendesha zote mbili.

Lakini utamu huo utautumia wapi? Asubuhi uko kwenye foleni ya Mwenge na kila mtu. Desemba ukienda Moshi, kuanzia Chalinze mpaka Same ni vibao vya 50 kila ukikaribia makazi ya watu, na trafiki yuko chini ya mti na tochi yake ya kupimia mwendo. Ukirudi nyumbani, kama umejenga Goba au Madale, kilomita za mwisho ni vumbi, mashimo na makorongo ya mvua za masika.

Hapo kwenye makorongo ndipo suspensheni inapoanza kuzungumza. Range Rover Sport hii inakaa juu ya mifuko ya upepo kwenye kona zote nne, inayojazwa na kompresa. Mfuko ukianza kuchakaa unavuja kidogo kidogo, kompresa inafanya kazi muda wote kufidia, mwisho nayo inaungua. Unanunua vitu viwili badala ya kimoja. Ukitaka kuikagua, omba gari liachwe limepaki usiku kucha, uje alfajiri kabla halijawashwa. Kona moja ikiwa imelala kuliko nyingine, jibu umeshalipata. Fundi anayejua atachanganya maji na sabuni, atapaka kwenye mfuko na kwenye maungio ya mipira ya upepo, kisha atachuchumaa na kutazama povu linapochemkia. Ni kipimo cha dakika chache na maji ya kopo. Muuzaji akikataa, achana naye.

Kitu kingine ambacho watu hawakiwazi ni bodi. Range hii ina bodi ya alumini, sehemu kubwa imeunganishwa kwa gundi na ribiti. Hapa mjini bodaboda wanapenya kati ya magari mchana kutwa, kwa hiyo kukwaruzwa na kubonyezwa ni suala la muda tu. Mafundi wetu wa kunyoosha bodi ni hodari kweli kwa chuma: nyundo, gesi, puti, msasa, rangi, jioni unachukua gari lako. Alumini haitaki gesi hiyo wala nyundo hiyo. Inataka vifaa vyake na mtu aliyefundishwa, na akina hao ni wa kuhesabu. Prado ikigongwa mlango, fundi wa mtaani anaumaliza, na mlango mwingine ukihitajika utaupata Ilala au Kariakoo kabla jua halijazama.

Upatikanaji huo una ubaya wake, na haki itendeke. Spea za Prado zinauzika haraka, kwa hiyo wezi wanazipenda. Ndiyo maana unaona vioo vya pembeni na taa zimechorwa namba ya gari. Ukinunua Prado, kuchora ni kazi ya siku ya kwanza. Na feki zimejaa. Shokapu ya bei chee inayofanana na ya kampuni mpaka kwenye boksi haitakufikisha mbali, kwa hiyo nenda dukani na fundi unayemwamini.

Pia si kila Prado ni ya kununua, maana ina matoleo tofauti. Toleo la TZ-G linapendwa kwa jina na vikorombwezo, lakini nyuma nalo lina suspensheni ya upepo, maana yake umekimbia ugonjwa ukaufuata mlango wa pili. Toleo la TX-L lina springi za kawaida pande zote, na siti za ngozi utazipata humo humo. Dizeli ya 2.8, iliyoingia Japani mwaka 2015, ina nguvu ya kuvuta ambayo 2.7 haiioti, ila ina chujio la masizi kwenye ekzosi na inahitaji kuwekewa AdBlue, kimiminika cha kusafisha moshi wa dizeli. Chujio hilo linajisafisha kwa kuunguza masizi injini ikiwa na moto wa kutosha na gari likiwa kwenye mwendo. Anayetoka Mikocheni kwenda Posta na kurudi, tena kwa foleni, halipi nafasi hiyo.

Kwa Prado ya Japani dai karatasi ya mnada, ile ya ukaguzi wa gari lilipouzwa mnadani kule. Ina daraja la gari na kilomita, na daraja R maana yake limewahi kugongwa na kutengenezwa. Kwa Range ya Uingereza tumia namba yake ya kule kuangalia historia ya MOT, ukaguzi wao wa lazima wa gari, kwenye tovuti ya serikali yao, ni bure. Umbali, kwa kawaida kwa maili, umeandikwa kila ukaguzi, na kama umerudishwa nyuma utaona. Angalia na uvunguni, maana chumvi inayomwagwa barabarani kule wakati wa baridi inakula vyuma. Dizeli ya V6 ina rekodi ya baadhi ya injini kukatika krenki, ule mhimili mkuu wa injini, kwa hiyo bila historia ya oili kubadilishwa mara kwa mara, unauziwa mbuzi kwenye gunia.

Range namruhusu mtu mwenye gari la pili nyumbani, mwenye fundi mwenye kompyuta ya magari hayo, na mwenye fungu la matengenezo lililowekwa pembeni ambalo halitaguswa kwa ada za shule. Huyo aichukue kwa roho safi, ataifurahia.

Kwa mwenye gari moja la familia, TX-L. Petroli ya 2.7 kama maisha yako ni ya mjini, maana kwenye foleni uvivu wake hausumbui. Dizeli ya 2.8 kama unasafiri mikoani mara kwa mara. Ukiipata yenye karatasi zake, mwachie fundi wako nusu siku nayo kabla hujatoa hata kishika uchumba.