X Japan: Bendi Iliyonufaika kwa Kukosa Muda

Chukua albamu ya Jealousy ya X Japan, bendi ya roki nzito (metali) kutoka Japani iliyoitwa X tu wakati huo, iliyotoka tarehe 1 Julai 1991, usome majina ya watunzi. Nyimbo ni 10. Yoshiki, kiongozi wa bendi, mpiga ngoma na mpiga piano, ambaye kila historia ya X humweleza kana kwamba ndiye bendi nzima, ametunga 4 tu, na mojawapo ni utangulizi mfupi wa piano. Mpiga gitaa Hide ana 3, mpiga besi Taiji ana 2, na Pata, gitaa la pili, ana kipande kimoja cha kupumzisha masikio. Albamu hiyo ilishika nafasi ya kwanza kwenye Oricon, chati ya mauzo ya muziki ya Japani, na kuuza zaidi ya nakala milioni moja. Kwangu mimi ndiyo bora kuliko zote walizotoa, na ubora wake umetokana na Yoshiki kukosa nafasi ya kuimaliza alivyotaka.

Mashabiki wa kufa na kupona hawatapenda kusikia hivyo. Kwao, historia ya X ni historia ya fundi asiyeridhika na kazi yake. Mimi naona fundi huyo alifanya kazi nzuri zaidi alipobanwa, na kila alipoachiwa muda na pesa, kazi ikakwama.

Tuanze Tateyama, mji wa pwani katika mkoa wa Chiba. Yoshiki na mwimbaji Toshi walifahamiana tangu chekechea, na mwaka 1982, wakiwa bado wanafunzi, wakaanzisha X. Baada ya shule wakahamia Tokyo. Singo ya kwanza ikatoka 1985, wanachama wakaingia na kutoka, na mwaka 1986 Yoshiki akaanzisha lebo yake mwenyewe, yaani kampuni ya kutoa muziki, Extasy Records.

Lebo ndogo ya namna hiyo huendeshwa kwa hesabu ngumu. Kiwanda kinataka pesa kabla hakijachapa santuri, duka linalipa baada ya kuuza. Bendi nyingi hufia hapo katikati. Dawa ni kujaza kumbi, maana mlangoni pesa huingia usiku huohuo, na ili ukumbi ujae ni lazima mtu asiyekujua avutwe na picha iliyo kwenye kipeperushi. Ndiyo maana sikubaliani na wanaodai kwamba nywele zao zilizosimamishwa juu kama mnara zilikuwa mbwembwe tupu. Zilikuwa tangazo la bei nafuu kwa bendi ambayo redio haikuwa na habari nayo. Walikubali hata kuonekana kwenye kipindi cha vichekesho cha televisheni cha mchekeshaji Beat Takeshi, wapenzi wa metali wakawabeza kwa kujidhalilisha. Lakini walioona picha wakaja kusikiliza.

Hizo nywele zenyewe zilikuwa kazi. Hide alisomea ususi na kupata leseni kabla ya kujiunga mwaka 1987, kwa hiyo ndani ya bendi kulikuwa na mtaalamu. Nywele hugawanywa matabaka membamba. Kila tabaka huvutwa juu wima, kisha huchanwa kinyume, kutoka nchani kurudi kwenye ngozi, mpaka shina lifungamane na kujibeba lenyewe. Hapo ndipo dawa ya kupuliza hutiwa kwenye mashina na kukaushwa kwa hewa ya moto kabla ya kugusa tabaka linalofuata. Anayeanza huharibu palepale: anapuliza nchani. Ncha zinakuwa nzito, shina laini linashindwa kuzibeba, na wimbo wa tatu haujafika mnara umeshalala. Adui mwingine ni jasho, kwa kuwa dawa nyingi za aina hiyo hulainika zikilowa. Mpiga ngoma ndiye anayetoka jasho kuliko wote, basi si ajabu kwamba kwenye video za matamasha Yoshiki huanza na nywele zilizosimama na kumaliza zikiwa zimemwagika usoni.

Albamu ya Vanishing Vision ilitoka kwenye Extasy tarehe 14 Aprili 1988 na kufika nafasi ya 19 kwenye Oricon, jambo kubwa kwa lebo ya bendi yenyewe. Sauti yake ni nyembamba, besi inabanwa na magitaa, lakini ina njaa. Mwaka mmoja baadaye, wakiwa kwenye lebo kubwa ya CBS/Sony, wakatoa albamu ya Blue Blood, na kwenye jalada ikaandikwa kaulimbiu yao: Psychedelic Violence Crime of Visual Shock. Kwa maelezo ya wengi, jina visual kei, mtindo wa bendi za Japani zinazotilia mkazo mwonekano, limetokana na maneno hayo. Ila wasibebeshwe sifa zote peke yao. Bendi za Buck-Tick, Dead End, D'erlanger na Color zilikuwa wakitembea njia hiyohiyo miaka hiyohiyo.

Kutaka makubwa kunasikika wazi kwenye Blue Blood. Wimbo wa Rose of Pain unapita dakika 11 na ndani yake kuna fugi, yaani tuni inayofukuzana sauti kwa sauti, ya mtunzi Bach. Kurenai inaanza kwa utulivu, mara ngoma zinashuka kama mvua ya masika. Lakini utukutu wa Hide na mkono wa Taiji bado umo. Taiji ndiye mwanamuziki ambaye wasikilizaji wapya humsahau haraka. Besi yake haikufuata gitaa tu. Ilikuwa na wimbo wake chini ya wimbo, na ngoma za Yoshiki, ambazo ni za kasi kuliko za mdundo wa kuyumba, zilihitaji mtu kama huyo wa kuzipa nyonga.

Gharama ya kasi hiyo ilijitokeza mapema. Novemba 1989, baada ya tamasha la Shibuya, Yoshiki alianguka na ziara ikasimamishwa. Sababu si fumbo. Anapiga ngoma mbili za miguu kwa kasi ya metali huku akitikisa kichwa, na kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 4 hadi 5. Mpiga gitaa anayetikisa kichwa amesimama, magoti na kiuno humsaidia kupunguza mshtuko. Mpiga ngoma ameketi, miguu yake yote miwili iko kazini, hivyo mzigo wote huishia shingoni. Miaka mingi baadaye alilipia kwa upasuaji wa shingo 2009, tena 2017 alipowekewa diski bandia, tena 2024.

Jealousy ilirekodiwa Los Angeles na ilipangwa kuwa na diski mbili. Afya ya Yoshiki na kalenda vikakataa. Wimbo mrefu aliokuwa akiujenga ukawekwa kando, nafasi ikabaki wazi, wenzake wakaijaza. Ndiyo maana unatoka kwenye kasi ya Silent Jealousy ukaingia Miscast, roki chafu ya Hide, ukafika Voiceless Screaming, ambamo Taiji ameshika gitaa lisilo la umeme na Toshi anaimba kwa sauti iliyotulia kuliko popote. Hakuna albamu nyingine ya X inayosikika kama kazi ya watu watano.

Januari 1992 walipiga usiku tatu mfululizo kwenye uwanja wa Tokyo Dome, na huo ukawa mwisho wa Taiji. Heath akachukua besi. Mwaka huohuo wakawa X Japan, kwa sababu Marekani tayari ilikuwa na bendi iitwayo X. Agosti 1993 ule wimbo mrefu ukatoka peke yake: Art of Life, dakika 29, diski nzima. Katikati kuna piano kwa karibu dakika 9, mstari mmoja ukirudiarudia tuni ileile na wa pili juu yake ukizidi kuchanganyikiwa mpaka unagonga tu. Ni kazi ya kipekee, naikubali bila kinyongo. Lakini hakuna hata noti moja ya mtu mwingine humo, na kuanzia hapo mambo yakaenda kwa mwendo wa kobe.

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Albamu ya Dahlia ilipotoka Novemba 1996, nyimbo 6 kati ya 10 zilikuwa zimeshauzwa kama singo, ya zamani kabisa, Tears, tangu 1993, ingawa Forever Love iliwekwa kwa toleo jingine. Ni mkusanyiko uliovaa nguo za albamu. Wakati huohuo Extasy, iliyozaliwa kwa uhitaji, ilikuwa imeshatoa albamu ya kwanza ya bendi ya Luna Sea mwaka 1991 na ya bendi ya Glay mwaka 1994. Kwa visual kei, naona urithi huo ni mzito kuliko Dahlia.

Septemba 1997 wakatangaza kuvunjika, na 31 Desemba wakaagana Tokyo Dome. Hide alifariki tarehe 2 Mei 1998. Makumi ya maelfu walijaa kwenye mazishi yake, hekalu la Tsukiji Hongan-ji.

Kurudi kwao mwaka 2007 kulitoa matamasha makubwa: Madison Square Garden (New York) 2014, Wembley (London) 2017, tamasha la Coachella (California) 2018. Usiku wa kwanza wa matamasha yao ya kurudi, Machi 2008, ulichelewa zaidi ya saa mbili na ukakatika Yoshiki alipoanguka katikati ya Art of Life. Septemba 2018 kimbunga kilizuia watu kufika ukumbi wa Makuhari Messe, wakapiga mbele ya viti vitupu na kurusha moja kwa moja mtandaoni. Moyo wanao. Albamu ndiyo hakuna. Imetangazwa mara kadhaa, zikatoka singo moja moja, I.V., Jade, Born to Be Free, Angel, na baada ya Dahlia hakuna albamu mpya ya studio iliyotoka. Taiji alifariki 2011, Heath 2023. Kuchelewesha kazi ya bendi hakufanani na kuchelewesha kazi ya mtunzi mmoja, kwa sababu wapigaji nao wana umri.

Anayetaka kuanza kusikiliza asianze na nyimbo za polepole, ingawa ndizo zinazosifiwa sana. Aanze na Kurenai mara mbili: ya Vanishing Vision, iliyoimbwa kwa Kiingereza, kisha ya Blue Blood, ili asikie pesa za studio zilibadilisha nini. Halafu Jealousy nzima bila kuruka, kwa spika zenye besi ya kutosha, maana kwenye spika ya simu Taiji hupotea kabisa. Art of Life isubiri siku yenye nusu saa tupu. Dahlia iwe ya mwisho, na aingie kwa Scars na Drain, zote za Hide, asikie bendi ilikuwa inaelekea wapi.