SL28 na SL34: Tuamini Majani, Kibandiko au Vinasaba?

Katika mashamba ya Nyeri na Kirinyaga, SL28 na SL34, aina mbili za kahawa, hutajwa kwa pamoja kama mapacha. Zote mbili zilichaguliwa miaka ya 1930 katika Maabara ya Scott (Scott Laboratories), Kabete, na herufi SL zinatokana na jina hilo. Ila ukoo wao ni tofauti kabisa.

SL28 ilianzia kwenye mbuni mmoja uliochaguliwa mwaka 1935 miongoni mwa mibuni yenye asili ya Monduli, Tanganyika, iliyosifika kwa kuvumilia ukame. SL34 ilitokana na mti mmoja wa shamba la Loresho, uliokuwa na kibandiko cha kahawa ya Misheni ya Kifaransa, yaani Bourbon, ukoo wa kahawa ulioletwa na mapadri kutoka kisiwa cha Réunion. Vipimo vya vinasaba vikaja kupindua mambo: SL28 ndiyo iko upande wa Bourbon, na SL34 iko upande wa Typica, ukoo mwingine mkongwe wa kahawa.

Wapenzi wa maabara huutumia mfano huu kudai kwamba macho hayafai kutambua aina. Sikubaliani nao moja kwa moja. Ukiinama kwenye SL34 utaona majani machanga ya nchani yana rangi ya shaba, na hiyo ni alama ya kawaida ya Typica. Bourbon nyingi huchipua kijani. Jani lilikuwa likisema kweli miaka yote, kibandiko ndicho kilichodanganya. Lakini nao wanaotegemea macho wasishangilie mapema, kwani SL28 huweza kuchipua kijani au shaba.

Shida kubwa ni wembamba wa ukoo wenyewe. Arabika, ambayo ndiyo kahawa ya koo hizi zote, ilizaliwa pale Robusta na mbuni mwitu uitwao Eugenioides zilipochanganyika, ikawa na kromosomu 44, wakati wazazi wana 22 kila mmoja. Kisha ni miche na mbegu chache tu zilizotoka Yemeni kwenda Java na Réunion, na humo ndimo zilimotokea Typica na Bourbon. Kwa hiyo mibuni inayotofautiana sana kwa umbo huweza kuwa ndugu wa damu. Caturra ya Brazili ni Bourbon iliyobadilika jeni moja, basi, ikawa fupi.

Hata hivyo, ufupi si jambo dogo kwa mwenye jembe. Ruiru 11, aina nyingine ya kahawa ya Kenya ambayo nayo ni fupi, hupandwa mita 2 kwa 2. SL28 hudai futi 9 kwa 9. Kipimo cha undugu peke yake hakikuambii uchimbe mashimo mangapi kwenye ekari, na kipimo chenyewe si bure.

Mimi ningeelekeza fedha za vipimo kwenye miti mama ya vitaluni, ambako kosa moja huzaa maelfu ya miche. Ruiru 11 inaonyesha sababu. Tangu itolewe mwaka 1985 imekuwa mkusanyiko wa machotara wapatao 60, waliopatikana kwa uchavushaji wa mkono, na kinga yake dhidi ya chulebuni (ugonjwa wa matunda ya kahawa) na kutu ya majani imetoka kwa wazazi mbalimbali. Mbegu za chotara hazirithi sifa zote za mzazi, hivyo mkulima anayeokota miche iliyojiotea chini ya mti wake anaweza kupata mibuni mifupi yenye sura ileile, kumbe baadhi haina kinga. Hapo jicho halisaidii, na atakuja kujua matunda yakishaanza kuwa meusi.