Shanga Zangu Haziuzwi

Kila anayeingia kwangu akaziona shanga za udongo wa polima nilizozifinyanga na kuzitandaza juu ya sinia karibu na dirisha huuliza swali moja, na kabla hajakaa kitako huwa keshalijibu mwenyewe: nauza bei gani, na kwa nini sizipeleki Mji Mkongwe ambako wageni hununua kila kitu. Jirani yangu wa ghorofa ya chini, ambaye ndiye aliyekuwa akinipikia uji siku nilizokuwa siwezi kuinuka, aliwahi kuniambia, "Mwalimu, Mungu kakupa mikono, nawe unaichezea." Siku ile sikumjibu. Leo namjibu kwa kirefu, kwa sababu naamini wapo wengi wenye maumivu yasiyokwisha, kama haya yangu ya mgongo, ambao wamepata kitu kimoja cha kuwapa nafuu, na wanasukumwa kila siku wakigeuze biashara.

Mwaka 2017 niliteleza kwenye ngazi za jumba letu la Michenzani, mkononi nikiwa na ndoo ya maji kwa kuwa siku hiyo maji hayakuwa yamepanda hadi ghorofa ya nne, nikaangukia kiuno. Mfupa haukuvunjika. Nilipewa dawa za siku kumi nikaambiwa nipumzike, nami nikaamini kwamba mgongo utapona kama kidonda kinavyopona. Haukupona. Watabibu huyaita maumivu kuwa sugu yanapopindukia miezi 3. Yangu sasa yana miaka, na yana tabia zake. Asubuhi kiuno huwa kimekaza kama kamba iliyolowa kisha ikakaukia juani, adhuhuri hupwita, na usiku kichomi hushuka hadi nyuma ya goti la kushoto. Daktari mmoja alitazama picha ya mgongo, akatazama mwaka wangu wa kuzaliwa, akasema, "Ni umri, mama." Nilikuwa na miaka 51. Baadaye nilisoma kwamba Chama cha Kimataifa cha Utafiti wa Maumivu, kilipoirekebisha mwaka 2020 fasili yake ya mwaka 1979, kiliongeza maelezo kwamba maumivu daima ni jambo analolihisi mtu mwenyewe, na kwamba kauli ya anayeumwa inastahili kuheshimiwa. Maneno hayo hayakunipunguzia kichomi, lakini yaliniondolea aibu.

Udongo wa polima uliingia nyumbani kwa bahati tu. Binti wa kaka yangu, anayeishi Uingereza, aliwaletea wanangu wadogo pakiti za rangi rangi, kila moja gramu 57, wakauchezea siku mbili wakauchoka, nami nikaurithi. Jina lake linapotosha, kwa kuwa si udongo wa mfinyanzi hata kidogo. Ni plastiki ya jamii ileile inayotengenezewa mabomba ya maji, iliyosagwa laini, ikachanganywa na mafuta ya kuilainisha na rangi. Hauhitaji maji wala haukauki kwa upepo. Hubaki laini hadi utiwe motoni, kwa kawaida kwenye nyuzijoto zipatazo 130 za Selsiasi, kwa muda wa nusu saa au zaidi kidogo kulingana na unene, na hapo ndipo hushikana ukawa kitu kigumu.

Sifa hiyo ya kutokauka ndiyo iliyonifanya niushike mimi, na naomba msomaji anivumilie niieleze vizuri, kwa sababu mtu mwenye afya haitii maanani. Kazi nyingi za mikono tulizolelewa nazo zina haraka yake. Hina ikishakorogwa ni lazima ipakwe, donge la maandazi likishaumuka halingoji, na miyaa ya kusukia ikikauka hukatika hadi uilowanishe tena. Bibi yangu mzaa mama, huko Micheweni, Pemba, alikuwa na baridi yabisi ya vidole na bado alisuka ukili kila jioni, miguu kaikunjua mbele yake sakafuni, midomo ikitembea bila sauti. Wakati ule nilidhani anasuka kwa ajili ya mkeka, na leo nadhani mkeka ulikuwa kisingizio. Nilijaribu kumfuata. Kukaa sakafuni tu kwa dakika tano kulinimaliza. Udongo wa polima hufanyiwa mezani, kwenye kiti chenye mgongo, mto ukiwa nyuma ya kiuno, na ukizidiwa katikati ya ushanga unauweka chini na kuufunika, ukaja kuukuta vilevile kesho au wiki ya pili. Maumivu hayana miadi, hivyo mwenye maumivu anahitaji kazi isiyomdai.

Ninachofanya ni hiki. Baada ya alfajiri, kabla joto halijapanda, natenga dakika 20 kwa saa ya simu. Nakata kipande, nakiponda na kukikunja hadi kilainike, na katika kuponda huko ndiko mwili unakotoa habari zake: nagundua kwamba bega la kulia limepanda hadi sikioni, kwamba meno yameumana, kwamba nimezuia pumzi. Sijilazimishi kubadili chochote. Nayatazama tu, na mara nyingi bega hushuka lenyewe. Kisha nausokota udongo uwe kama kamba nene ya milimita 10, naulaza kando ya rula, nakata vipande vilivyo sawa, na kila kipande nakiviringisha baina ya viganja viwili kwa mduara mdogo, mwanzo kwa nguvu kidogo, mwisho kwa wepesi kabisa, kwa maana ushanga ukibanwa mwishoni hupata pembe. Viganja huhisi wakati ambapo pembe zimekwisha, kabla macho hayajaona. Natoboa kwa sindano nene huku nikiizungusha, ili tundu lisiubonyeze ushanga. Punje 33 zinatosha tasbihi moja ndogo. Sidai kwamba kufinyanga ni ibada; ibada ina wakati wake na masharti yake. Nasema tu kwamba sisi tuliozoea kuhesabu kwa vidole tayari tunajua namna mkono unavyoweza kuushika moyo usitangetange.

Watu wa sayansi wana maelezo yao, na nayapenda kwa sababu hayaniambii kwamba naumwa kichwani. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walitoa nadharia ya lango: kwamba ndani ya uti wa mgongo kuna mahali ambapo habari za maumivu zinaweza kupitishwa au kupunguzwa kabla hazijafika kwenye ubongo. Ndiyo maana ukijigonga muundi husugua, kwa kuwa mguso unasaidia kulirudisha lango. Mimi naponda kwa vidole ilhali kinachouma ni kiuno, hivyo mguso peke yake haunielezi. Lakini nadharia hiyohiyo ilisema kwamba ubongo nao huteremsha amri zake kwenye lango hilo, na kwamba hofu, hali ya moyo na pale fikra zilipoelekezwa vina sehemu katika amri hizo. Miaka 14 baadaye, mwaka 1979, Jon Kabat-Zinn alianzisha katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, mafunzo ya kutuliza fikra kwa wagonjwa ambao matibabu ya kawaida hayakuwa yamewafaa vya kutosha, wakiwemo wenye maumivu sugu. Mojawapo ya mazoezi yake ni kulala chali na kuupitia mwili kwa fikra, kiungo baada ya kiungo. Nilijaribu. Nikilala nikafumba macho, maumivu hujitanua kama mgeni aliyeachiwa nyumba nzima. Nikiwa na ushanga mkononi, hukaa kwenye chumba chake. Nayasikia, lakini hayaniamrishi.

Si kila siku. Zipo asubuhi ambazo sivuki dakika tatu.

Hali ya hewa yetu ina neno lake pia. Wakati wa kusi udongo huwa mgumu na huhitaji kupondwa muda mrefu, jambo ambalo mwenye maradhi ya vidole asilichukulie kwa wepesi; wakati wa kaskazi hulegea ukanata mikononi, na hapo naulaza baina ya karatasi mbili nyeupe usiku kucha ili karatasi zinyonye mafuta yaliyozidi. Nimenunua oveni ndogo ya mezani isiyopikiwa chakula, na kipimajoto cha kuweka ndani yake, baada ya kuunguza mzigo wangu wa kwanza kwa kuamini namba zilizoandikwa kwenye kitufe. Udongo huu ukiungua hutoa moshi mkali unaowasha macho na koo, kwa hiyo madirisha huwa wazi. Umeme ukikatika katikati hakuna hasara, kwani unaweza kuurudisha motoni tena. Shoga yangu aliniomba nimfinyangie chetezo chenye maua. Ilinibidi nikatae, kwa kuwa plastiki na kaa la moto havikai pamoja, wala haifai kwa kikombe au sahani ya kulia. Na kwa kuwa nazungumzia mgongo, niseme mara moja: ganzi ya ghafla ya miguu au ya sehemu za siri, au kushindwa kuzuia mkojo, ni mambo ya kwenda hospitali siku hiyohiyo, na hakuna ushanga utakaosaidia.

Sasa nirudi kwa jirani yangu. Mwaka juzi nilimsikiliza. Mwenye duka mmoja alitaka jozi 60 za hereni zenye ua la korosho la kwenye khanga, nami nikakubali, kwa sababu pensheni haitoshi na kwa sababu, nikiri, nilifurahi kusifiwa. Ua hilo hujengwa kwa kupanga vijiti vya rangi hadi vikawa gogo moja, ambalo ukilikata vipande vyembamba kila kipande hutoka na ua lilelile, na kulijenga lile gogo kulinipa raha siku mbili nzima. Kisha yakaja makato. Ua likipinda kidogo, naliweka kando, kwa kuwa halitanunuliwa. Nikaizima saa ya simu, kwa kuwa dakika 20 hazifikishi jozi 60. Siku moja nilikaa saa nne bila kuinuka, meno yameumana, bega sikioni, na sikulitambua lolote kati ya hayo hadi niliposimama, au tuseme hadi niliposhindwa kusimama. Nililala siku tano. Mwenye duka alituma ujumbe kuuliza zimefikia wapi.

Udongo ulikuwa uleule na mikono ilikuwa ileile. Kilichoondoka ni ruhusa ya kuacha, na bila ruhusa hiyo kazi hii inakuwa kazi kama nyingine yoyote inayovunja mgongo. Visiwani kwetu siku hizi mwanamke akishika sindano, ukindu au sabuni ya mwani, semina ya ujasiriamali humfuata hadi mlangoni, na sibezi hilo, kwani wapo waliosomesha watoto kwa ukindu. Ninachokataa ni dhana kwamba mgonjwa asiyetengeneza pesa anacheza. Hakuna aliyemwambia bibi yangu auze minong'ono yake. Anayetembea pwani kila magharibi kwa ajili ya sukari yake haulizwi nyayo zake anauza wapi. Dakika zangu 20 ni dawa ninayoitengeneza mwenyewe, nayo inafanya kazi kwa kipimo chake tu.

Hereni zilizokamilika, jozi 23, niliwagawia wanafunzi wangu wa zamani. Yale maua yaliyopinda nimeyabakisha kwenye sinia, na jirani yangu tayari amechukua mawili, akisema ni ya mjukuu wake. Tasbihi niliyoianza mwezi wa Rajabu imefika punje 27. Leo asubuhi niliviringisha moja, kiuno kikaanza kupwita, nikaifunika.