Nyasi za Entebbe hazifai Moroto

Kila kiangazi napita mbele ya nyumba moja hapa Moroto, Karamoja, kaskazini-mashariki mwa Uganda, na kumkuta kijana akimwagilia nyasi. Jerikani nne asubuhi, nne jioni. Lita 160 kwa siku, na huko kwenye kisima cha pampu akina mama wamepanga foleni.

Nyasi zile ni za Entebbe, penye ziwa na misimu miwili ya mvua. Karamoja tuna msimu mmoja, kuanzia Aprili hivi hadi Septemba. Ukikatika, ni vumbi mpaka Machi. Kwa nini tulazimishe bustani zetu zifanane na za watu wa ziwani?

Mimi nyasi zangu nimezing'oa, nikapanda mishubiri (aloe) na mawaridi ya jangwani (adenium). Mshubiri hufunga vitundu vya majani yake mchana na kuvifungua usiku kukiwa na ubaridi, ndiyo maana haupotezi maji ovyo. Ukichanua, ndege chozi huwa wa kwanza kufika, hata kabla sijanywa chai.

Kinachoiua mimea hii mara nyingi ni maji mengi. Udongo wetu mweusi hushika maji, mizizi ikaoza. Inua tuta, changanya mchanga na kokoto. Chipukizi la mshubiri ukishalikata liache kivulini siku kadhaa, kidonda kikauke, ndipo ulipande.

Waridi la jangwani napenda kulianza kwa mbegu, maana ndivyo linavyonenepa vizuri chini ya shina. Ganda likikaribia kupasuka lifunge kwa kitambaa chepesi; mbegu zina manyoya na upepo huzichukua zote. Utomvu wake ni sumu, watu waliupaka kwenye mishale, kwa hiyo nawe ukishapogoa osha mikono, na watoto wasiuchezee.

Ila naomba sana: msing'oe ya porini. Inaniuma kuona waridi nene, lililokaa miaka mingi kwenye majabali, likiuzwa kando ya barabara likiwa limekatwa mizizi. Mishubiri nayo, ukiacha Aloe vera, biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Na hakuna haja ya kuifuata mlimani, kwa kuwa mshubiri mmoja uliotulia bustanini huzaa machipukizi kuuzunguka. Jirani zangu wanajua: mwenye kuja na ndoo ya mchanga huondoka na miche mitatu.